Danadana Haziko Mguuni, Ziko Kichwani!

WASHKAJI, hebu tuulizane. Mtu kajifunza baiskeli akiwa darasa la tatu, akakaa miaka kumi bila kuigusa. Mpe leo, atapanda na kuondoka zake. Lakini muulize hesabu alizokariri mwaka uleule, anakutumbulia macho! Inakuwaje?

Pita Kiwalani jioni yoyote, kule Bombom, ndege za uwanjani zikiunguruma juu ya mabati. Dogo anapiga danadana na mpira wa makaratasi. Fundi gereji anafungua nati huku kageukia kwingine anabishana Simba na Yanga. Mama kabeba ndoo kichwani, mikono huru, anapiga stori na jirani na hakuna tone linalomwagika. Sisi tunasema "kazoea" na kupita. Wanasayansi wao wameling'ang'ania neno hilo miaka na miaka.

Stori kali kuliko zote ni ya Mmarekani Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alipasuliwa ubongo kutibiwa kifafa. Kifafa kilipungua, ila jamaa akawa hawezi tena kuweka kumbukumbu mpya. Unamsalimia, unatoka kidogo, ukirudi wewe mgeni! Mtafiti Brenda Milner wa Montreal, Kanada, akampa kazi: afuatishe kwa penseli mistari ya nyota, huku mkono wake akiuona kwenye kioo tu. Jaribu nyumbani uone shughuli yake. Mwanzoni Molaison alivurunda, siku ya tatu akawa anachora safi. Lakini kila siku hakukumbuka kabisa kama aliwahi kuifanya kazi ile.

Milner alieleza hayo mwaka 1962, na ikaonekana wazi kuwa ubongo una ghala zaidi ya moja. Majina na matukio yana lake, ujuzi wa mikono na miguu una lake. Fundi mkubwa wa ghala hili la pili ni serebelamu, kile kipande cha ubongo kilichojificha kisogoni. Kazi yake ni kulinganisha ulichokusudia na kilichotokea, halafu kusahihisha kidogo kidogo. Kwa hiyo dogo akikosa danadana ya nne asichekwe, maana kosa lile ndilo linalompa serebelamu cha kusahihisha.

Na yule mama wa ndoo? Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwapima wanawake wa Kikuyu na Kijaluo wakitembea na mizigo. Hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, hawakutumia oksijeni zaidi ya wanapotembea mikono mitupu! Mwenye kilo 60 anabeba kilo 12 kama bure. Mwaka 1995 watafiti wakaonyesha siri iko kwenye mwendo: mwili unabembea kama pendulamu na nguvu haipotei ovyo. Huo ni mwendo wa watu waliozoea mizigo miaka mingi, wewe usijaribu na ndoo ya mwenye nyumba.

Kitu kingine ni usingizi. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake, huko Marekani, waliwafundisha watu kubonyeza vidole kwa mpangilio fulani. Waliolala usiku waliamka na kasi iliyoongezeka kama asilimia 20 bila mazoezi mapya. Waliokaa macho saa hizohizo mchana hawakupata kitu cha maana. Wapo wanaobishia ukubwa wa faida hiyo, lakini kukesha ukijifunza sijasikia anayekusifia.

Sasa tuje kwenye balaa lenyewe. Siku hizi kijana anafundishwa bodaboda Jumamosi kwenye kiwanja, Jumatatu kapakia abiria yuko Barabara ya Nyerere. Anayeanza kazi anaifanya kwa kufikiria: klachi hii, gia ile, breki iko wapi? Akili yote imeishia hapo. Mzoefu mikono yake inajiendesha, macho yanabaki huru. Huyu mgeni daladala ikimchomekea pale Vingunguti, ataiona saa ngapi, wakati bado anatafuta gia ya pili? Na abiria nyuma yake wala hana habari. Yeye kauliza nauli tu.