The Chills wa New Zealand: nyimbo zilizosafiri mbali kuliko jina la kundi

Kwa zaidi ya miaka 40, kundi la The Chills kutoka mji wa Dunedin nchini New Zealand lilitunga nyimbo ambazo wanamuziki wa Marekani na Ulaya walizisikiliza kwa makini, ilhali wasikilizaji wengi wa kawaida hawakuwahi kulisikia jina lake. Kifo cha kiongozi wake, Martin Phillipps, mwezi Julai 2024, kiliamsha upya swali la siku nyingi: ni nini kililizuia kundi hilo kupata umaarufu uliolingana na kipaji chake?

MAMBO MUHIMU
- The Chills liliundwa Dunedin mwaka 1980, na Martin Phillipps ndiye mwanachama pekee aliyedumu nalo tangu mwanzo hadi mwisho.
- Albamu yake ya mwaka 1990, Submarine Bells, ilishika nafasi ya kwanza New Zealand.
- Baada ya miaka mingi ya maradhi na uraibu, kundi lilirejea na kutoa albamu tatu kati ya 2015 na 2021.

Roki mbadala ilifikaje Dunedin?

Roki mbadala ni jina la muziki wa magitaa ulioenea kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 nje ya mfumo wa kampuni kubwa za kurekodi. Wapigaji wake walikuwa vijana wasio na fedha, walioamini kuwa wimbo mzuri hauhitaji studio ya gharama. Rekodi zao zilitolewa na kampuni ndogo, zikachezwa na redio za vyuo vikuu, na sifa zao zikaenea kwa njia ya mdomo.

Dunedin ulikuwa mji unaofaa kwa muziki wa namna hiyo. Upo kusini mwa Kisiwa cha Kusini, ng'ambo ya Bahari ya Tasman kutoka Australia. Ulianzishwa na walowezi kutoka Scotland mwaka 1848, na ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Otago, kikongwe kuliko vyote nchini humo. Majira yake ya baridi ni marefu, na nyumba za kupanga za wanafunzi ni nyingi. Vijana walijifungia vyumbani wakapiga magitaa kwa ajili ya marafiki zao, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumpigia.

Mwaka 1981, Roger Shepherd, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la santuri mjini Christchurch, alianzisha kampuni ya Flying Nun. Mojawapo ya santuri zake za mwanzo, Tally Ho! ya kundi la The Clean, ilirekodiwa kwa dola 50 tu, lakini iliingia katika nyimbo 20 bora za taifa. Kinanda kinachosikika katika wimbo huo kilipigwa na Martin Phillipps, kijana wa Dunedin aliyekuwa mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Methodisti.

Kundi la kijana wa miaka 17

Phillipps alikuwa na umri wa miaka 17 alipoliunda The Chills mwaka 1980, na miongoni mwa wenzake wa kwanza alikuwa dada yake, Rachel, mpiga kinanda. Mwaka 1982 kundi lilishiriki katika Dunedin Double, santuri iliyokusanya makundi manne ya mji huo. Ilirekodiwa na mwanamuziki Chris Knox kwa mashine ndogo yenye njia nne tu za sauti. Kuanzia hapo watu wakaanza kuzungumzia "Sauti ya Dunedin": magitaa yanayovuma kama kengele, ngoma sahili, na sauti za waimbaji zilizozama ndani ya muziki.

Hata hivyo, The Chills hawakufanana kabisa na wenzao. Phillipps alipenda nyimbo zenye mapigo mepesi na viitikio ambavyo msikilizaji hushika mara moja, lakini maneno yake yalibeba hofu, huzuni na maswali ya mtu anayelala macho usiku. Aliimba kwa sauti ya upole, karibu ya kuongea, na mgongano huo kati ya muziki mchangamfu na mashairi mazito ukawa alama ya kazi yake.

Mfano ulio wazi zaidi ni Pink Frost. Wimbo huo unaanza kwa gitaa la furaha, kisha ghafla unageuka na kuwa wa kiza, ukisimulia hali ya mtu anayemkuta mpenzi wake amefariki. Ulirekodiwa mwaka 1982, mpiga dramu akiwa Martyn Bull. Kabla haujatolewa, Bull alipatwa na saratani ya damu, akafariki mwezi Julai 1983. Ulipotoka mwaka 1984, ulitolewa kwa kumbukumbu yake.

Bull alimwachia Phillipps koti lake la ngozi. Koti hilo likazaa wimbo mwingine, I Love My Leather Jacket wa mwaka 1986, ambao kwa juu unasikika kama wimbo wa kujifurahisha, lakini kwa kweli ni maombolezo ya rafiki. Phillipps aliendelea kulivaa vazi la marehemu huku akiutafakari uzito wake.

Mlango wafunguka, kisha wafungwa

Katikati ya miaka ya 1980, kundi lilivuka bahari hadi Uingereza, ambako wasikilizaji wa muziki wa kampuni ndogo walilipokea vyema. Albamu yao ya kwanza ya studio, Brave Words, ilirekodiwa London na kutoka mwaka 1987. Baadaye wakasaini mkataba na kampuni ya Slash ya Marekani, iliyokuwa chini ya Warner.

Matunda ya mkataba huo yalikuwa Submarine Bells ya mwaka 1990. Albamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza New Zealand, na wimbo wake wa ufunguzi, Heavenly Pop Hit, ukafika nafasi ya pili. Marekani nako redio za vyuo vikuu ziliucheza. Ilionekana kana kwamba saa ya The Chills imewadia.

Haikuwa hivyo. Albamu iliyofuata, Soft Bomb, ilitoka mwaka 1992. Wakati huo, kufuatia mafanikio ya Nirvana, kampuni kubwa za Marekani zilikuwa zikitafuta magitaa mazito na sauti za hasira. Muziki wa Phillipps, wenye upole na fikra, haukuingia katika mkondo huo. Mwaka huo huo kundi likavunjika.

Kwa nini hawakufika mbali zaidi?

Sababu ya kwanza ni umbali. Kundi la London lingeweza kufanya onyesho kisha wanachama wake wakalala kwao. Kundi la Dunedin lilihitaji kuvuka nusu ya dunia, kuishi kwa kubanana, na kurudi nyumbani na madeni. Sababu ya pili ilitokana na ya kwanza: wanachama walichoka. Zaidi ya wanamuziki 20 walipita katika kundi hilo, na kila aliyeondoka aliwalazimu waliobaki kuanza upya. Hata mwaka 1996, albamu ya Sunburnt ilipokuwa ikirekodiwa Uingereza, wanamuziki wa New Zealand walizuiwa kuingia nchini humo. Ikambidi Phillipps awatumie wapigaji wa Kiingereza.

Sababu ya tatu ilikuwa ndani ya Phillipps mwenyewe. Aliporudi Dunedin alizama katika msongo wa mawazo na uraibu wa dawa za kulevya. Katika miaka hiyo ya 1990 aliambukizwa homa ya ini aina ya C, ugonjwa ambao huweza kuliharibu ini kimyakimya kwa miaka mingi.

Kurejea

Polepole kundi lilijengeka upya, na safari hii wanachama walikaa pamoja kwa muda mrefu kuliko awali. Silver Bullets ya mwaka 2015, iliyotolewa na Fire Records ya London, ilikuwa albamu yao kamili ya kwanza kwa miaka 19, na ilibeba wasiwasi mkubwa kuhusu bahari na mazingira. Ikafuatwa na Snow Bound mwaka 2018 na Scatterbrain mwaka 2021, ambamo Phillipps anautazama uzee na kifo bila kupepesa macho.

Kati ya albamu hizo alipata nafuu ambayo hakuitarajia. Madaktari walikuwa wamemwonya kwamba ini lake lilikuwa katika hali mbaya mno, lakini dawa mpya za homa ya ini ya C zikamponya maambukizi hayo. Dawa hizo ni vidonge vinavyomezwa kwa kawaida kwa wiki 8 hadi 12, na huwaponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Hapa Australia zimekuwa zikipatikana kwa ruzuku ya serikali tangu Machi 2016. Filamu ya hali halisi ya mwaka 2019 kuhusu maisha yake inaonyesha sehemu ya kipindi hicho bila kuficha aibu wala makosa yake.

Phillipps alifariki Dunedin tarehe 28 Julai 2024, akiwa na umri wa miaka 61. Mwaka uliofuata ilitolewa Springboard, albamu ya nyimbo alizoanza kuzitunga ujanani na ambazo hazikuwa zimewahi kurekodiwa. Aliifanyia kazi katika siku zake za mwisho, wanamuziki wenzake wa New Zealand wakimsaidia.

Makundi ya Marekani kama Pavement na Yo La Tengo hayakuficha mapenzi yao kwa muziki wa Flying Nun. Kwa msikilizaji anayetaka kuanza, mkusanyiko wa Kaleidoscope World wa mwaka 1986 unabeba nyimbo za ujana, zikiwemo Pink Frost na zile za mashine ya njia nne. Submarine Bells inaonyesha kundi likiwa kileleni, na Silver Bullets inatoa sauti ya mtu aliyepona, anayejua kuwa muda alioongezewa si mrefu.