Kaukau na Kisukari: Kupunguza Wanga Bila Kuzima Jiko

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo usinigombeze."

Hivyo ndivyo yalivyoanza mazungumzo yangu na mgonjwa mmoja wa kliniki ya kisukari jijini Dar es Salaam, mama wa miaka hamsini na minane ambaye kila jioni hukaanga sambusa, kachori na mihogo mbele ya nyumba yake na kuuza. Katika daftari lake la kliniki palikuwa na mwandiko wangu wa miezi mitatu iliyotangulia: aache vyakula vya kukaanga. Hakuwa ameviacha. Sukari yake kabla ya kula ilikuwa milimoli 13 kwa lita. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa upole ambao sikuustahili: "Mwanangu, anayekaanga lazima aonje. Nami nikionja moja, siishii moja. Lakini ninachokipenda si unga. Napenda kile kinacholia mdomoni."

Jibu hilo lilinifunza jambo. Sisi wahudumu wa afya tumezoea kuandika neno "acha" kana kwamba ni dawa, kisha tunamlaumu mgonjwa dawa hiyo isipomeza. Mama huyu alikuwa amejichunguza kuliko nilivyomchunguza. Alitambua kwamba anachokitamani ni ule ukavu unaovunjika chini ya jino, na kwamba ukavu huo ni kitu kimoja, wanga ni kitu kingine. Makala haya yanaeleza namna ya kuvitenganisha vitu hivyo viwili katika jiko la nyumbani. Yanabeba pia onyo ambalo mimi nililipata kwa kosa langu mwenyewe.

Kinacholia mdomoni ni nini?

Kitafunwa kibichi kinapotumbukizwa katika mafuta yenye joto la nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi, maji yaliyo juu yake huchemka papo hapo na kutoka kama mvuke. Mlio tunaousikia karaini ni mlio wa maji yanayokimbia. Maji yakishatoka, tabaka la juu hukauka, likakakamaa na kugeuka rangi ya dhahabu. Wanga unaweza kujenga tabaka hilo, lakini protini ya samaki, ya yai, ya nyama au ya jamii ya kunde huweza pia, na mbegu zenye mafuta kama ufuta hukauka vizuri zikikaangwa. Kwa maneno mengine, ukavu huletwa na kuondoka kwa maji, wala hauhitaji unga wa ngano.

Kukauka huko kuna upande wake wa pili. Maji yakiondoka, kinachobaki huwa kimekolea. Gramu 100 za kiazi mviringo kibichi zina takribani gramu 17 za wanga, lakini gramu 100 za kaukau za kiazi hicho hicho zina takribani gramu 50. Mgonjwa anaposema, "Nimekula viazi kidogo tu," ilhali amemaliza pakiti ya kaukau, hasemi uongo. Macho yake yameona kidogo, damu yake imepokea kingi.

Wanga umo wapi?

Wanga huvunjwa tumboni na kuwa glukosi, nayo ndiyo inayopandisha kipimo cha sukari baada ya mlo. Unga wa ngano una takribani gramu 75 za wanga katika kila gramu 100. Muhogo mbichi una takribani gramu 38, na ukikaangwa hukolea zaidi. Unga wa dengu una takribani gramu 58, na humo gramu 10 au 11 ni nyuzinyuzi ambazo hazigeuki kuwa sukari. Ufuta una takribani 23, nusu yake ikiwa nyuzinyuzi. Karanga zina 16, nazo nusu yake ni nyuzinyuzi. Bamia mbichi ina takribani gramu 7 tu, ilhali dagaa, nyama na mayai vina wanga kidogo mno au havina kabisa.

Ukiitazama sambusa kwa hesabu hiyo, utaona kwamba nyama iliyomo ndani haina hatia. Wanga wote umo katika manda. Katika bajia za viazi, dengu la nje si tatizo kubwa kama kiazi kilichomo ndani. Kazi ya mpishi, basi, ni kuuliza kila kitafunwa swali moja: wanga wako umekaa wapi, na ni nini kinachoweza kukaa mahali pake?

Vitafunwa vitatu vya nyumbani

Cha kwanza ni dagaa wakavu. Chukua vikombe viwili vya dagaa wa ziwani waliokaushwa, watoe vichwa, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu hadi mchanga uishe, kisha wakamue na kuwakausha kwa kitambaa safi. Hatua hii ya kukausha usiiruke, maana dagaa mwenye maji huchemka badala ya kukauka. Tia vijiko viwili vikubwa vya mafuta katika kikaango, washa moto mdogo, na ugeuze mara kwa mara kwa dakika 10 hadi 15 mpaka dagaa wakivunjwa walie. Malizia kwa ndimu, pilipili manga na bizari. Chumvi usiongeze kabla ya kuonja, hasa ikiwa dagaa walitiwa chumvi walipokaushwa.

Cha pili ni kababu zenye ganda la ufuta, ambazo ni sambusa iliyovuliwa manda. Changanya nusu kilo ya nyama ya kusaga na kitunguu maji kimoja kilichokatwakatwa na kukamuliwa, kitunguu saumu, tangawizi, majani ya giligilani, yai moja na vijiko vitatu vikubwa vya karanga zilizosagwa. Karanga ndizo zinazochukua nafasi ya chenga za mkate. Finyanga kababu 12, zichovye katika ute wa yai, kisha zigaragaze katika ufuta. Zikaange kwa mafuta machache na moto wa wastani, ukizigeuza, mpaka nyama iive ndani na ufuta uwe wa dhahabu nje. Kila kababu itakuwa na takribani gramu 2 za wanga.

Cha tatu ni bamia za kukauka. Osha robo kilo ya bamia changa na uzifute mpaka zikauke kabisa. Zikate kwa urefu vipande vinne vinne, nyunyiza vijiko viwili vikubwa vya unga wa dengu, bizari ya manjano na pilipili, lakini usitie maji hata tone. Zikaange kidogo kidogo ili mafuta yasipoe, na uzitoe zinapoanza kuwa kahawia. Utelezi wote utakuwa umepotea. Kiasi hiki kinatosha watu watatu, na kila mmoja hupata takribani gramu 10 za wanga, zikiwemo nyuzinyuzi. Bilinganya iliyokatwa nyembamba nayo hufaa kwa njia hii.

Wapo watakaouliza kuhusu bagia za kunde. Hizo ni njia ya kati. Kunde zina wanga, na si haki kuziita chakula kisicho na wanga, lakini zina protini na nyuzinyuzi nyingi na hupandisha sukari polepole kuliko ngano. Bagia tatu ndogo zikichukua nafasi ya andazi ni hatua njema, ila sahani nzima haina tofauti kubwa na kosa la zamani.

Mafuta nayo yana hesabu yake

Kupunguza wanga hakufuti nishati iliyomo katika mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ilhali ya wanga ina 4, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takribani kilokalori 120. Mwenye uzito uliozidi asidhani amepewa ruhusa ya kula kababu 12 peke yake.

Mafuta mengi huingia katika chakula pale kinapotolewa na kuanza kupoa, kwa kuwa mvuke uliokuwa ukiyasukuma nje umekoma. Hivyo basi, kiweke kitafunwa juu ya chujio la waya mara tu kinapotoka karaini, kikiwa bado cha moto, yadondoke. Kujua kama mafuta yamefikia joto, chovya ncha ya mwiko mkavu wa mti: vipovu vidogo vikiuzunguka kwa utulivu, yapo tayari. Yakitoa moshi, yamepita kiasi. Mafuta ya alizeti, ambayo mikoa ya Singida na Dodoma inasifika kwayo, yanafaa kwa afya ya moyo kuliko ya nazi au ya mawese. Mafuta yaliyobadilika rangi, yanayotoa povu au kunuka, yamwagwe.

Liko pia jambo lililogunduliwa na wanasayansi wa Uswidi mwaka 2002, kwamba vyakula vya wanga vikipikwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 120, hasa kwa kukaangwa au kuokwa, hutengeneza kemikali iitwayo akrilamidi, ambayo inashukiwa kuchangia saratani. Nayo huongezeka kadiri chakula kinavyozidi kuwa kahawia. Hiyo ni sababu nyingine ya kupunguza viazi vya karaini, na ya kutoa kila kitafunwa kikiwa cha dhahabu, kabla hakijaungua.

Chakula kinapobadilika, dozi nayo itazamwe

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nilimwandikia yule mama mapishi haya, tukacheka, akaondoka amefurahi. Alikuwa akitumia metfomini pamoja na glibenklamidi, kidonge kinacholazimisha kongosho kutoa insulini hata kama chakula ni kidogo. Sikukigusa. Nilibadilisha jiko lake, nikaiacha dozi ile ile iliyopangwa kwa mtu anayekula mihogo na sambusa kila jioni.

Siku ya nane, saa kumi na moja jioni, alianza kutoka jasho na kutetemeka akiwa ameshika upawa mbele ya karai la mafuta ya moto. Alianza kusema maneno yasiyoeleweka. Binti yake alimvuta mbali na jiko, akamketisha, na kwa kuwa mama alikuwa bado anaweza kumeza, akampa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari. Zahanati ya jirani ilimpima baadaye ikakuta milimoli 3.1 kwa lita, na hiyo ilikuwa baada ya maji ya sukari. Walimpa rufaa, akalazwa usiku mzima, kwa sababu sukari iliyoshushwa na kidonge hicho huweza kushuka tena saa nyingi baadaye. Ningali nafikiri juu ya lile karai.

Kwa wahudumu wenzangu, basi, ushauri wa kupunguza wanga ni sawa na kuongeza dawa. Ripoti ya wataalamu ya Chama cha Kisukari cha Marekani ya mwaka 2019 ilieleza kwamba, kati ya njia za ulaji, kupunguza jumla ya wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kuboresha sukari ya damu. Kitu chenye nguvu hiyo hakiandikwi bila kutazama dozi. Mgonjwa anayetumia insulini, glibenklamidi au gliklazidi apangiwe dozi upya siku hiyo hiyo anapopewa mapishi, na apewe miadi ya karibu. Anayetumia dapaglifozini au empaglifozini asipunguze wanga kwa kiasi kikubwa bila usimamizi, kwa maana ketoni zinaweza kurundikana katika damu yake hata sukari ikiwa haijapanda sana. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wenye kisukari cha aina ya kwanza na wenye maradhi ya figo wahitaji ushauri wao wa pekee. Mwenye jongo naye asiwazidishe dagaa.

Kwa mgonjwa, usianze mapishi haya kabla ya kumwonesha daktari au muuguzi dawa zako zote. Ukiwa na kipimo nyumbani, pima kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, uandike umekula nini na kiasi gani. Daftari hilo litatufaa kuliko lawama zetu. Ukihisi jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali au kuchanganyikiwa, au kipimo kikiwa chini ya 3.9, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, na urudie ikiwa bado iko chini. Wafundishe walio nyumbani dalili hizo. Mgonjwa asiyeweza kumeza au aliyepoteza fahamu asipewe kitu chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Yule mama alirudi kliniki baada ya wiki mbili, akiwa ameacha glibenklamidi kwa maelekezo yetu na kubaki na metfomini. Sukari yake kabla ya kula ilikuwa 7.4. Nilimwomba radhi. Alinitazama kidogo, akafungua mkoba wake, akatoa kifurushi cha karatasi kilichokuwa bado na uvuguvugu.

"Kababu za ufuta," alisema. "Wateja wameanza kuziulizia. Onja, mwanangu, lakini usiandike 'acha'."

Nilionja. Zilikuwa zikilia.