Kilomita ni Zile Zile, Safari si Moja

Tarehe 28 Oktoba, 2018, ndege ya Shirika la Ndege la Kenya iliondoka Nairobi usiku, na asubuhi yake ikatua New York bila kugusa ardhi njiani. Kwa abiria aliyezoea kubadilisha ndege London, Amsterdam au Dubai, hilo halikuwa jambo dogo. Si ajabu basi kuwasikia wananchi wa nchi jirani nao wakiuliza: yetu lini?

Ni swali la haki. Lakini wengi wanaouliza hutaja umbali tu, na umbali peke yake haulijibu.

Kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita zipatazo 11,800. Hesabu hiyo hupimwa kwa kufuata mviringo wa dunia, wala si kwa rula juu ya ramani ya ukutani. Rula ingempeleka rubani juu ya Mali na Mauritania. Mviringo humpandisha kaskazini zaidi, juu ya Algeria na Morocco, ukampunguzia zaidi ya kilomita 300. Kurudi nako ni kilomita zile zile.

Hata hivyo, kwenda huchukua saa zipatazo 15, na kurudi 14, kwa kuwa upepo mkali wa angani kule kaskazini huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Na huo upepo ndio taabu ndogo. Taabu kubwa ni mwinuko wa nchi yenyewe. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,600 na ushei juu ya usawa wa bahari. Ule wa New York ni mita 4 tu. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi: mabawa hayanyanyuliwi vya kutosha, injini nazo hupungukiwa nguvu. Ndege iliyojaza mafuta ya saa 15 haiwezi tena kubeba abiria wote na shehena yote ambayo ingeibeba kutoka uwanja wa chini. Usiku, hewa inapopoa, nafuu hupatikana, lakini ni nafuu kidogo. Kiti kinachobaki kitupu sharti kilipiwe, na mlipaji ni yule aliyeketi kando yake.

Wahabeshi wanalijua jambo hili kwa muda mrefu. Addis Ababa iko juu zaidi, mita 2,300 na kitu. Kwa miaka mingi ndege zao za kwenda Washington zilitua njiani kuongeza mafuta. Zilipokuwa zikirudi ziliruka moja kwa moja.

Wasomaji wetu wa pwani watasema, basi na iondokee Mombasa. Ni kweli uwanja wa huko uko karibu na usawa wa bahari, ingawa joto nalo huipunguza hewa uzito, na safari huongezeka kwa zaidi ya kilomita 400. Lakini abiria wengi wako Nairobi, na kuwashusha hadi pwani ni kuirudisha ile adha ya kubadilisha ndege.

Kwa hiyo wanaodai safari za namna hii kwa fedha za umma tungewaomba watuletee hesabu moja kabla ya ndege kununuliwa: itabeba watu wangapi siku inapoondoka kwetu, ikiwa na mafuta yote tumboni. Idadi ya siku ya kurudi tunaweza kuikisia wenyewe.