Ndege haiajiri kocha

Kila Novemba napokea swali lilelile kutoka kwa wasomaji walioko Columbus, Louisville na Houston, na siku hizi hata kutoka kwa wanaokesha Nairobi na Dar es Salaam wakitazama futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani: "Ndege ya chuo chetu imetua kwenye mji wa kocha fulani. Ndiyo kakubali?" Miaka iliyopita nilijibu kwa neno moja, hapana. Neno moja halikutosha. Kazi yangu ni kusoma mikataba ya makocha, na mwaka huu nataka tulimalize jambo hili.

Utaratibu wenyewe unajulikana. Kocha akishatimuliwa, shabiki hutafuta namba ya usajili wa ndege ya chuo au ya mfadhili tajiri, akaiingiza kwenye programu inayoonyesha safari za anga, kisha akakesha akitazama alama ndogo ikisogea kwenye ramani. Ikitua tu, jina la kocha wa mji ule linasambaa, na hadi kunakucha wapo wanaoapa kwamba mkewe ameonekana akitafuta nyumba. Mashabiki wa Tennessee waliishi hivyo miaka mingi na jina la kocha Jon Gruden, kwa sababu tu alianzia kazi pale kama msaidizi miaka ya 1980 na mkewe alisoma pale. Mwishoni mwa 2017 chuo kilimwajiri Jeremy Pruitt, na Januari 2018 Gruden akarudi kwenye ligi ya kulipwa, Raiders, kwa mkataba wa miaka 10.

Najua mtakachonijibu: Auburn, 2003. Sawa, tuitazame Auburn. Siku mbili kabla ya mechi na mahasimu wao Alabama, rais wa chuo, mkurugenzi wa michezo na wajumbe wawili wa bodi walipanda ndege kwa siri hadi Sellersburg, Indiana, karibu na Louisville, kuzungumza na Bobby Petrino, kocha wa Louisville wakati huo. Walitaka achukue nafasi ya Tommy Tuberville, ambaye bado alikuwa kazini na hakujua lolote. Safari ilipofichuka, watu wakapata ushahidi wanaoutaja mpaka leo kwamba ndege husema kweli. Lakini angalieni ilivyoishia. Petrino hakuajiriwa. Tuberville alibaki, na msimu uliofuata akashinda mechi zote 13. Aliyeondoka ni rais wa chuo, aliyejiuzulu Januari 2004. Aliyeifuatilia ndege ile na kutangaza kwamba Petrino anakuja angekuwa amekosea kila kitu isipokuwa uwanja wa ndege.

Mfano wa karibuni ni mbaya zaidi kwa wanaoamini ndege. Novemba 2025 familia ya Lane Kiffin, aliyekuwa akiinoa Ole Miss, ilisafiri hadi Gainesville, nyumbani kwa chuo kikuu cha Florida, kisha hadi Baton Rouge, nyumbani kwa LSU. Vyuo vyote viwili vilikuwa vimetimua makocha wao Oktoba. Safari zote mbili zilikuwa za kweli, na kila kundi la mashabiki lilishangilia yake. Kiffin akaenda LSU, Florida ikamchukua Jon Sumrall wa Tulane. Ukiwa na safari mbili za kweli na jibu moja, safari haikukuambia jibu.

Sababu si ngumu kuelewa. Mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba ndio wakati makocha wanaporuka sana, kwa kuwa wanazungukia shule za sekondari na sebule za wazazi kuwashawishi vijana kabla ya siku ya kusaini na vyuo. Ndege ya chuo kutua Atlanta au Dallas wakati huo ni kazi ya kawaida. Ndege ya mfadhili ni ya biashara zake. Mwenye ndege asiyetaka kuonekana anaweza kuiomba mamlaka ya anga ya Marekani izuie taarifa za safari zake. Na zaidi ya yote, mazungumzo yenye uzito hayaanzii angani. Chuo hukodi kampuni ya kusaka wagombea, kampuni humpigia wakala, wakala hutaja bei. Hapo kocha yuko mazoezini na wachezaji wake, na anaweza kukwambia bila kusema uongo kwamba hajazungumza na mtu.

Ndiyo maana kanusho nalo halina thamani mnayolipa. Desemba 2006 Nick Saban, akiwa kocha wa Miami Dolphins, alisema waziwazi kwamba hatakuwa kocha wa Alabama. Wiki mbili baadaye alikuwa kocha wa Alabama. Lincoln Riley, aliyekuwa kocha wa Oklahoma, alifanya kwa ustadi zaidi. Novemba 27, 2021 aliulizwa kuhusu LSU, akasema hatakwenda LSU, na kweli hakwenda. Kesho yake alitangazwa USC.

Sasa jambo ambalo swali la ndege linalificha, na ndilo linalonikera hasa. Tetesi nyingi hazikusudiwi kumhamisha kocha. Zinakusudiwa kumwongezea mshahara alipo. Novemba 2021, USC na LSU zikiwa wazi, majina ya James Franklin wa Penn State na Mel Tucker wa Michigan State yalitajwa kila mahali. Tarehe 23 Penn State ikampa Franklin mkataba wa miaka 10. Kesho yake Michigan State ikampa Tucker miaka 10 na dola milioni 95, zote za uhakika. Hakuna aliyehama. Tucker alifukuzwa Septemba 2023 kwa madai ya utovu wa nidhamu, na Franklin akatimuliwa Oktoba 12, 2025, chuo kikidaiwa takriban dola milioni 49 kwa mkataba uleule uliozaliwa na tetesi. Deni lilipungua mno baada tu ya yeye kupata kazi Virginia Tech. Na kiti chake kilipokuwa wazi, jina la Curt Cignetti wa Indiana likatajwa. Siku nne tu baada ya Franklin kutimuliwa, Indiana ikamwongezea mkataba.

Hela hizo si za hadithi. Texas A&M ilipomtimua Jimbo Fisher Novemba 2023 ilibeba deni la zaidi ya dola milioni 75, linalolipwa kwa awamu hadi 2031, na halipungui hata akipata kazi kwingine. Shabiki anayesambaza jina la kocha wake ili kuwatisha wapinzani anamsaidia wakala bure, na bili huja kwa chuo chake mwenyewe.

Basi fanyeni haya. Chuo kikiwa cha umma, mara nyingi mkataba wa kocha hupatikana kwa kuuomba; anzeni na fidia, kwa pande zote mbili: chuo kikimfukuza kinalipa nini, yeye akiondoka analipa nini na kiwango hicho hupungua tarehe gani. Angalieni wakala ni nani na ana wateja gani wengine kwenye soko lilelile. Angalieni kalenda: wanafunzi wa sekondari husaini wiki ya kwanza ya Desemba na dirisha la uhamisho hufunguliwa Januari, kwa hiyo chuo makini hutaka kumaliza kabla ya hapo, na ndiyo sababu kufukuza makocha kumesogea hadi Oktoba. Jueni nani anasaini: rais, bodi, au, kama huko Louisiana, jimbo la LSU, mwaka 2025, gavana akiingia kati. Na mzazi mwenye kijana anayesakwa, nakuomba usiniulize kocha atabaki au ataondoka. Kijana wako anasaini na chuo, si na kocha. Dai ufadhili wake kwa maandishi, uliza nani atamfundisha nafasi yake uwanjani, na ujue kwamba kocha mkuu akibadilishwa wachezaji hufunguliwa dirisha lao la kuhama.

Swali lenu lijalo lije na kifungu cha mkataba mkononi. Hilo nitalijibu siku hiyohiyo.