Kufungua pampu ya dizeli: Nguvu au hasara?

MSIMU wa pamba na mpunga unapofika, malori na pikapu za Shinyanga, Kahama na Geita hazipumziki. Wakati huo huo magari mengine hubeba mawe ya dhahabu kutoka mashimo ya Nyarugusu na Rwamgasa kwenda kwenye makarasha.

Gari la tabo likianza kuchoka mlimani au kwenye matope ya mbuga, ushauri wa haraka gereji huwa ni kufungua pampu. Fundi huzungusha skrubu ya pampu ya dizeli ili mafuta mengi zaidi yaingie kwenye injini. Ni kazi ya muda mfupi, lakini gharama yake huonekana baadaye.

Mafuta bila hewa ni moshi

Kilo moja ya dizeli huhitaji kilo 14 na nusu hivi za hewa ili iungue yote, na injini ya dizeli hufanya kazi vizuri ikipata zaidi ya hapo. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka, nayo husukuma hewa zaidi ndani. Mafuta yakiongezwa bila hewa kuongezeka, yanayobaki hutoka kama moshi mweusi. Huo ni mtaji unaopotea hewani.

Shinyanga iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko pwani. Ongeza vumbi la barabara za machimbo linaloziba chujio, na injini inakosa pumzi kabla skrubu haijaguswa.

Hasara nyingine ni joto. Kwenye dizeli, mafuta yakizidi joto hupanda. Pistoni huweza kuyeyuka, gasketi kuungua na tabo kuharibika. Injini ya petroli yenye tabo ni kinyume chake: hewa ikiongezwa bila mafuta ndipo inapoungua. Ndiyo maana wanaobadili magari ya petroli ya mbio huongeza nozeli za ziada. Dawa ya gari moja ni sumu kwa jingine.

Wenye Land Cruiser 'mkonga' ya injini ya 1HZ wawe waangalifu zaidi. Injini hiyo ilitengenezwa bila tabo. Anayeifunga tabo na kufungua pampu bila kipimo cha joto la moshi anabahatisha. Mafundi wengi huchukua nyuzi 700 za Selsiasi, kabla ya tabo, kuwa mpaka wa tahadhari.

Piga hesabu kwanza

Chukua mfano wa gari linalotumia lita 40 kwa safari. Likifunguliwa pampu na kufikia lita 46, kwa safari 20 za mwezi ni lita 120 zaidi. Zidisha kwa bei ya dizeli ya mwezi huo inayotangazwa na EWURA. Kama gari halipati hata safari moja ya ziada, fedha hiyo inatoka kwenye faida.

Wala nguvu hiyo haimruhusu mwenye gari kuongeza mzigo. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, inaliwekea lori la ekseli mbili kikomo cha tani 18, pamoja na uzito wa gari lenyewe.

Kabla ya kugusa pampu, anza na vitu vya bei nafuu: safisha au badili chujio la hewa, badili chujio la dizeli, kagua mipira ya tabo kama inavuja, kisha peleka nozeli zikapimwe. Mara nyingi nguvu iliyopotea iko hapo.

Ikibidi kuongeza mafuta, pampu ipimwe kwenye mashine, ifunguliwe kidogo kidogo, na fundi aishie pale moshi mweusi unapoanza kuonekana gari likiwa na mzigo. Akishafika hapo, arudishe skrubu nyuma kidogo.