Kofia inayomwonyesha mzimamoto njia gizani

Hebu funga macho. Sasa ingia jengo usilolijua, piga magoti, tambaa ukipapasa ukuta kwa mkono mmoja, na mtungi wa hewa ulio mgongoni unaendelea kuisha. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kwenye sinema moto unang'aa na kila mtu anaonekana. Wacha, bana! Ndani ya nyumba inayoungua moshi ni mweusi tititi, huoni hata kiganja chako.

Cheki yaliyotokea Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani, tarehe 3 Desemba 1999. Ghala kuukuu la kuhifadhi vyakula baridi, ambalo karibu halikuwa na madirisha, lilishika moto. Wazimamoto wakaambiwa huenda kuna watu wasio na makao ndani. Wawili wakapotea kwenye moshi, wakaita kwa redio kwamba hewa inaisha. Wenzao wanne wakaingia kuwatafuta, nao wakapotea. Wote sita wakafa. Na wale waliokuwa wakitafutwa? Walikuwa washatoka kitambo.

Msiba huo uliwasukuma wengi huko kununua kamera za joto. Mawimbi ya joto ni marefu kuliko chembe za moshi, kwa hivyo yanapenya pale mwanga unaposhindwa. Shida ni kwamba kamera hizo zilikuwa za kushika mkononi. Buda, mkono gani? Mmoja una bomba, mwingine uko ukutani, na ukimpata mtu lazima umvute.

Ndiyo maana kamera imepanda kichwani. Mwaka wa 2016 kampuni ya Scott Safety ilitoa barakoa yenye skrini ndogo ndani, mbele ya jicho. Halafu kuna Qwake Technologies ya San Francisco, na kifaa chao kinachoitwa C-THRU. Hiki ndicho kilichonikosha. Kompyuta yake inachora mistari kwenye kingo za vitu, hivi kwamba unaona umbo la mlango, ngazi, au mtu aliyelala sakafuni. Huna haja ya kukaa ukibahatisha maana ya rangi huku unaungua. Wanataka pia kamanda aliye nje aone anachoona mtu wake, na hilo si jambo dogo: barakoa hufifisha sauti, na zege na vyuma hukata redio.

Najua unachowaza. Huku mtaani tunangoja kwanza gari la zimamoto lifike, tena likiwa na maji. Ni kweli. Lakini anayeingia kibandani Gikomba anakutana na giza lile lile.

Kamera hizi hudanganywa na kioo, lakini. Joto la mtu aliye nyuma ya dirisha halipiti. Unaweza kujiona mwenyewe ukidhani ni yeye. Kwa hivyo hata aliyevaa kofia hiyo bado anatambaa, mkono ukutani, bomba likiwa karibu ili alifuate kutoka nje.