Chuo bila ada Marekani: anwani ya mjomba si ukaazi

Udhamini wa chuo bila ada katika majimbo ya Marekani ni fedha ya umma ya jimbo inayotumika kuwasomesha wakaazi wa jimbo hilo. Mpango uliovuma kuliko yote ni Tennessee Promise. Gavana Bill Haslam aliutia saini kuwa sheria mwaka 2014, na mwaka uliofuata wanafunzi wa kwanza wakaingia vyuoni, ada zao zikilipwa kutokana na akiba ya bahati nasibu ya jimbo. Majimbo mengine yakafuata, kila moja kwa masharti yake: Oregon, Michigan, New Mexico, na mwaka 2024 Massachusetts. Vyuo vinavyohusika zaidi ni vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili ambamo mtu husomea ufundi, uuguzi au uhasibu, au huanza shahada atakayoimalizia chuo kikuu. Tennessee ina vyuo 13 vya aina hii, Massachusetts 15.

Tangu habari hizi zifike Afrika Mashariki, swali limekuwa lilelile: kijana wa Mwanza au Bujumbura mwenye mjomba Nashville, Tennessee, akiandika anwani ya mjomba kwenye fomu, atasoma bure? Hapana. Kinachosikitisha ni kwamba wapo watu wanaopokea fedha za wazazi kwa kuwaambia ndiyo.

Kosa linaanzia kwenye neno mkaazi. Katika mazungumzo ya kawaida mkaazi ni yeyote anayeishi mahali. Katika sheria za majimbo, ukaazi ni makao ya kudumu: mtu anaishi hapo kihalali na ana nia ya kubaki. Anwani inaonyesha tu barua zake zinafikia wapi. Zaidi ya hapo, kwa kijana ambaye bado yuko chini ya wazazi, majimbo mengi huangalia makao ya wazazi. Mjomba, shangazi na kaka mkubwa hawahesabiki, isipokuwa mahakama imemfanya mmoja wao kuwa mlezi wa kisheria. Hati ya ulezi iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa haifanyi kazi hiyo.

Wengine hushauri kijana aende kwanza, akae mwaka mmoja, kisha aombe. Ni kweli kwamba mipango mingi inadai miezi 12 ya kuishi jimboni. Lakini mwaka uliotumika kwa kusoma tu, kwa kawaida hauhesabiwi. Na kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, mlango umefungwa mapema zaidi. Anayeomba viza hiyo humthibitishia afisa wa ubalozi kwamba ana makao nje ya Marekani na hana nia ya kuyaacha. Asipofanya hivyo, viza haitoki. Mtu huyohuyo hawezi kufika Nashville akaliandikia jimbo kwamba makao yake ya kudumu ni Tennessee. Moja kati ya kauli hizo mbili ni ya uongo, na zote mbili zina saini yake.

Fomu ya I-20, ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni kabla hajaenda ubalozini, inaliweka wazi jambo hili. Upande mmoja zimeorodheshwa gharama: ada, malazi na chakula, matumizi mengine. Upande wa pili ni fedha zitakazozilipa: za mwanafunzi mwenyewe, za chuo, za mfadhili. Jumla ya pili isipofikia ya kwanza, fomu haitolewi. Mwanafunzi huyo anasajiliwa tangu mwanzo kama mgeni anayejilipia, na ada ya mgeni huwa kubwa kuliko ya mkaazi.

Hatari ya kudanganya ni kubwa kuliko ada yenyewe. Taarifa za uongo katika FAFSA, fomu ya kuombea misaada ya masomo ya serikali kuu, zinaweza kuleta faini ya hadi dola 20,000, kifungo, au vyote viwili. Asiye raia akijidai raia wa Marekani ili apate manufaa, anaweza kuzuiwa maisha yake yote kupata ukaazi wa kudumu wa nchi hiyo. Kuna pia mtego mdogo unaowanasa hata waaminifu: fomu ya leseni ya udereva mara nyingi ina kisanduku cha kujiandikisha kupiga kura. Asiye raia asikiguse, hata karani akimhimiza.

Neno bure nalo linahitaji kupimwa. Mipango mingi hujazia pengo tu. Tuseme ada ya mwaka ni dola 4,500. Mwanafunzi wa familia maskini aliyepata ruzuku kamili ya Pell, msaada wa serikali kuu usiorudishwa, iliyokuwa dola 7,395 mwaka wa masomo 2024/25, ada yake imekwisha kulipwa. Udhamini wa jimbo hautamwongezea kitu, ila dola 2,895 zinazobaki zitamsaidia kwa vitabu na nauli. Asiyepata Pell hulipiwa 4,500 zote na jimbo, kisha hujitafutia vitabu na pango. New Mexico hufanya kinyume: jimbo hulipa kwanza, ruzuku nyingine hubaki kwa matumizi ya maisha.

Wanaostahili ni wanaoishi huko kweli: raia, wenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu), wakiwemo waliopata bahati nasibu ya viza, na kwa kawaida wakimbizi waliopokelewa rasmi. Hao wajaze FAFSA mapema. Haina malipo, na kuijaza si kukopa. Tennessee hudai maombi ndani ya mwaka wa mwisho wa sekondari, kwa kawaida kabla ya Novemba mosi, mikutano na mshauri, na saa 8 za kujitolea kila muhula. Watu wazima wana Tennessee Reconnect. Michigan Reconnect huanzia miaka 25. Massachusetts huchukua watu wazima wasio na shahada ya kwanza.

Aliye bado nyumbani aulize ofisi za EducationUSA, zinazoshauri kuhusu masomo ya Marekani, Nairobi au Dar es Salaam, ambako ushauri hautozwi. Vyuo vikuu vichache, kama Harvard, Princeton na Amherst, hugharimia wageni waliokubaliwa kulingana na uwezo wa familia. Vyuo vikuu vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada hata kwa wageni, ingawa viza huhitaji akaunti maalumu yenye fedha za kujikimu mwaka mzima.